Nilikosea kuhusu Kaboom!

Wasee, leo hakuna video. Leo ni maandishi tu, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya kwa video na sitaki kulifunika tena na muziki na vichekesho.

Wale mmenifuata kwa muda mnajua ile video yangu ya gemu kumi za Atari ambazo ningechoma moto. Ndiyo imetazamwa kuliko zote nimewahi kutoa. Wengi wenu mlinijulia hapo. Nambari mbili kwa orodha ilikuwa Kaboom!, na nilisema hivi, kwa ile sauti yangu ya kujiamini: ni gemu ya mtu ameshika ndoo, haina hadithi, haina ramani, haina kitu cha kufungua, na mbaya zaidi haichezeki. Nikawaonyesha nikishindwa mara tano mfululizo. Mlicheka. Hata mimi nilicheka.

Katikati ya zile komenti za kucheka kulikuwa na moja fupi, bila emoji, kutoka kwa mtu ambaye kwa picha anaonekana ni wa rika la baba yangu. Aliandika: "Kijana, ulicheza ukitumia nini?"

Nikajibu, "Laptopu," na kicheko juu. Hakuandika tena. Lakini hilo swali lilinikaa kama mbegu ya pera kwenye jino. Kila nikinyamaza, liko pale.

Acha kwanza nieleze gemu, kwa wale hawaijui. Kaboom! ilitolewa na Activision mwaka 1981 kwa ajili ya konsoli ya Atari 2600. Aliyeiandika ni Larry Kaplan, mmoja wa wale waandishi wa programu waliotoka Atari wakaanzisha Activision mwaka 1979, kwa sababu Atari haikuwa inaweka majina yao kwa gemu walizotengeneza wala kuwalipa kulingana na mauzo. Juu ya skrini kuna jambazi amevaa nguo za mistari kama mfungwa wa kwenye katuni. Anakimbia kushoto na kulia akiangusha mabomu. Chini uko wewe na ndoo tatu za maji, moja juu ya nyingine. Kazi yako ni kudaka kila bomu. Ukikosa moja tu, yote yaliyo hewani yanalipuka na unapoteza ndoo. Ndoo zikiisha, umeisha. Kila ukifikisha pointi 1,000, kama ulikuwa umepoteza ndoo, unarudishiwa moja.

Kundi la kwanza lina mabomu 10, kila moja pointi moja. La pili lina 20, kila moja pointi mbili. Inapanda hivyo hivyo hadi kundi la nane: mabomu 150, kila moja pointi nane, yakishuka kama mvua ya Aprili. Hiyo ndiyo gemu yote. Hakuna kingine.

Mimi nilikuwa nikicheza kwa emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye Atari. Vidole vyangu vilikuwa kwa vitufe viwili vya kibodi: mshale wa kushoto na mshale wa kulia. Shida ya mshale ni kwamba una mwendo mmoja. Ukibonyeza, ndoo inatembea. Ukiachilia, inasimama. Bomu likiwa mbali unasubiri ndoo ifike, na likiwa karibu unalipita. Kundi la nne likianza, jambazi anageuka kabla ndoo yako haijafika mahali alipokuwa. Sikuwahi kupita pointi 200. Nikaamua gemu ni mbovu, nikairekodi, nikaipandisha, nikalala vizuri.

Sasa, lile swali la yule mzee. Ulicheza ukitumia nini? Ukitafuta picha ya lile sanduku la Kaboom!, utaona imeandikwa kwamba inachezwa kwa padeli. Mimi sikuwa nimetafuta. Nilikuwa nimeshusha faili, nikaifungua, nikabonyeza.

Disemba shangazi yangu anayeishi Minnesota alikuwa anakuja nyumbani. Akanipigia simu kuuliza, kama kawaida yake, aniletee nini. Mwaka uliotangulia nilisema viatu. Safari hii nikasema padeli za Atari. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama hiyo ni dawa na kama niko mgonjwa.

Alizipata kwa jirani yake aliyekuwa akiuza vitu vya zamani nje ya gereji. Kaadapta kadogo ka kuziunganisha na laptopu nilikalipia mwenyewe. Na nilipozishika mara ya kwanza, maze, nilishangaa vile ni kitu kidogo. Padeli ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kina kitufe kimoja ubavuni cha kidole gumba, na juu yake kizungushi, duara kama lile la kuongezea sauti kwa redio. Basi. Zinakuja mbili mbili zikiwa zimeungwa kwa plagi moja, na kwa sababu Atari ina matundu mawili, unaweza kuwa na padeli nne na watu wanne wakicheza pamoja. Kizungushi hakizunguki milele. Kina mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia, unaskia kabisa kimegonga ukuta.

Nikachomeka. Nikafungua Kaboom!. Na ndoo zikaanza kutetemeka kama mtu ana malaria. Sijagusa kitu, zinatetemeka. Nikizungusha kidogo zinaruka upande wa pili na kurudi. Nikasema, sawa, sasa nina ushahidi. Gemu ni mbovu na kontrola pia ni mbovu. Nilikuwa karibu kurekodi sehemu ya pili ya ile video.

Kilichonizuia ni aibu kwa shangazi. Mtu amebeba kitu kwenye sanduku lake kutoka Minnesota, huwezi kukitupa siku ya pili. Nikakipeleka kwa mzee wangu.

Mzee ni fundi wa redio hapa Nakuru. Kibanda chake kiko karibu na steji, na amekuwa pale tangu kabla sijazaliwa. Anatengeneza redio, subufa, amplifaya za kanisa, chochote chenye waya. Yeye ndiye sababu nilienda kusomea uhandisi wa umeme. Na mwaka wa pili nikaacha. Sababu ni nyingi na si za leo. Sisi hatugombani, lakini tangu niache, hiyo mada inakaa katikati yetu mezani, na kila mmoja anaizunguka akichukua chumvi. Kazi yangu ya video huwa haiulizii. Mathe ndiye huuliza, halafu anamwambia.

Nikamwekea padeli juu ya meza ya kazi.

"Hii ni nini?"

"Ni kontrola ya gemu, Baba. Ya zamani. Inatetemeka."

Akaichukua, akaizungusha mara moja polepole akiwa ameiweka karibu na sikio. Ndio, aliisikiliza. "Hii ni volyumu," akasema. "Iko na uchafu."

Nikamwambia hapana, ni potenshiomita.

Akaniangalia. "Na volyumu ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejibu swali la potenshiomita kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza, na nikapata alama nzuri. Ningeweza kuchora mchoro wake hata usiku stima ikiwa imepotea. Lakini sikuwa nimewahi kufungua moja. Alikuwa nazo kopo zima la mafuta ya Kimbo nyuma yake, na nimekua nikiliona hilo kopo.

Alivuta kizungushi kikatoka, akafungua skrubu, akanionyesha. Ndani kuna utepe wa kaboni umepinda kama herufi C, na kamkono ka chuma kanachotambaa juu yake ukizungusha. Kamkono kakiwa karibu na mwanzo, umeme unapita kaboni kidogo, ukinzani ni mdogo. Kakienda mbali, unapita kaboni nyingi, ukinzani unapanda. Miaka ikipita, vumbi na unga wa kaboni vinajaa katikati, kamkono kanaruka ruka. Kwa redio, huo ndio ule mkwaruzo unauskia ukiongeza sauti. Kwa Atari, huo huo mkwaruzo unauona kwa macho: ndoo inatetemeka.

Kabla ya kusafisha aliipima kwa mita. Mwisho mmoja, sufuri. Mwisho mwingine, karibu ohm milioni moja. Katikati, karibu nusu yake. Hapo akakunja uso. "Hii si ya redio," akasema. "Ya redio, nusu haiwi nusu. Sikio haliskii hivyo. Hii, nusu ni nusu." Akanieleza kwamba volyumu nyingi za redio zimetengenezwa zipande polepole mwanzoni na haraka mwishoni, ili sikio lione sauti inapanda sawasawa. Ukiweka ya aina hiyo kwa gemu yangu, akasema, kile kitu chako kitatembea kama konokono upande mmoja na kuruka kama panzi upande mwingine. Hakuwa amewahi kuiona Atari maisha yake yote. Aliisoma kutoka kwa mita.

Akapuliza dawa ya kusafishia kontakti, akanipa. "Zungusha mara hamsini. Mwisho hadi mwisho." Nikazungusha nikihesabu, kama mtoto.

Nikizungusha ndipo nilimweleza vile Atari inasoma hiyo volyumu, kwa sababu sehemu hiyo niliijua na nilitaka nijue kitu mbele yake. Na acha niwaeleze na nyinyi, kwa sababu ni kitu kizuri. Fikiria mtungi wa maji chini ya bomba. Mtungi ni kapasita iliyo ndani ya Atari. Bomba ni padeli yako. Kabla ya kila picha kwenye TV, Atari inamwaga mtungi uwe mtupu. Halafu inaachilia maji, na inaanza kuhesabu. Bomba likiwa wazi, mtungi unajaa haraka. Bomba likiwa limebanwa, unachelewa. Na Atari inahesabu kwa kutumia nini? Mistari ya TV. Zile TV za zamani zenye mgongo mkubwa zilichora picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na kwa mfumo wa Marekani ni mistari 262, mara 60 kila sekunde. Mtungi ukijaa kwenye mstari wa 40, ndoo iko mahali fulani. Ukijaa kwenye mstari wa 120, ndoo iko mahali pengine. Picha inapochorwa, mkono wako unapimwa. Kila sekunde, mara 60.

Mzee alinisikiliza bila kukatiza. Akasema tu, "Kwa hivyo inapima kwa kungoja." Ndio. Mihadhara yote niliyokaa, hakuna aliyeisema kwa maneno matano.

Usiku huo tulichomeka nyumbani, laptopu juu ya meza ya sebuleni. Na hapa ndipo naomba msamaha rasmi.

Ndoo hazikutetemeka. Nilipogusa kizungushi kidogo, zilisogea kidogo. Nilipokunja mkono mara moja, zilivuka skrini yote na kusimama pale pale nilipokuwa nimefikiria. Hakuna kusubiri. Hakuna kupita. Mshale huiambia ndoo iende wapi. Padeli huiambia ndoo iwe wapi. Ukisoma hiyo sentensi haraka unaweza kuona ni kitu kimoja, na mimi nilitengeneza video nzima nikidhani ni kitu kimoja. Lakini kwa mshale unaendesha ndoo. Kwa padeli, ndoo ni mkono wako, kwa sababu kila mahali kwenye kizungushi kuna mahali pake kwenye skrini. Kushoto kabisa ni kushoto kabisa. Katikati ni katikati. Baada ya dakika kumi mkono unakumbuka wenyewe, na macho yako yanaacha kuangalia ndoo. Unaangalia jambazi tu.

Na ukifika hapo, ule upungufu wote niliotaja kwa video unageuka. Haina hadithi kwa sababu hakuna nafasi ya hadithi, mabomu ni mengi. Haina cha kufungua kwa sababu kinachofunguka ni mkono wako. Hakuna kiwango cha kununua, hakuna bahati, hakuna mwenzako wa kulaumu kama kwa FIFA. Bomu lilianguka, mkono haukuwa pale. Nimecheza gemu nyingi za simu ambazo nikishindwa zinaniambia pole, tazama tangazo, endelea. Kaboom! inakuambia tu ukweli, halafu inakurudisha kundi moja nyuma ujipange.

Siku ya tatu nilikuwa nimefika pointi 480. Nilikuwa najivunia sana. Jioni hiyo mzee akasema, "Leta nione." Akashika padeli vile anashika kila kitu, kwa ncha za vidole, kama ni yai. Mara mbili za kwanza alishindwa upesi. Mara ya tano hivi akaacha kuzungumza. Akamaliza na 612.

Nilimuuliza amefanyaje. Akasema hajui. Lakini mimi nafikiri najua. Huyo mtu ametumia miaka zaidi ya thelathini akitafuta stesheni. Masafa mafupi, usiku, BBC iko hapa, Deutsche Welle iko unywele mmoja pembeni, na katikati ni kelele tupu. Mkono wake ulishafanya mazoezi ya Kaboom! kabla mimi sijazaliwa, ila hakuwa amewahi kukutana na jambazi.

Baadaye nilienda kusoma, kitu ambacho ningefanya kabla ya kurekodi. Na nikaona kwamba hiki kizungushi hakikuwa kitu cha ajabu cha pembeni. Ndicho kilikuwa mwanzo. Magnavox Odyssey, konsoli ya kwanza ya nyumbani, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, ilitoka mwaka 1972 na kontrola zake zilikuwa za kuzungusha: moja ya juu na chini, moja ya kushoto na kulia, moja ya kupinda mpira. Mwaka huo huo Atari ikatoa Pong. Allan Alcorn ndiye aliyeijenga, na mashine ya kwanza iliwekwa kwenye baa moja huko Sunnyvale, California. Baada ya muda mfupi wakaitwa kwamba imeharibika. Alcorn akaenda kuangalia, akakuta haijaharibika. Sanduku la sarafu lilikuwa limejaa hadi hakuna nafasi. Fikiria gemu ambayo mtu wa baa anaielewa bila kufundishwa, mkono mmoja kwa kizungushi, mwingine kwa glasi.

Mwaka 1976 ikaja Breakout, ile ya kupasua matofali kwa mpira. Steve Jobs, aliyekuwa akifanya kazi Atari, alimwita rafiki yake Steve Wozniak waijenge, na kwa masimulizi ya Wozniak waliimaliza kwa siku nne bila kulala vizuri. Wozniak amesema pia kwamba rangi, sauti na padeli za Apple II aliziweka kwa sababu alitaka aweze kuandika Breakout kwa programu tu na kuicheza. Apple II ya 1977 iliuzwa na padeli ndani ya sanduku. Hivyo hata hiyo kampuni kubwa, kwenye mizizi yake kuna volyumu mbili.

Na kabla mtu hajaniandikia kwamba Jobs pia aliacha chuo: najua. Naambiwa kila wiki. Wozniak naye aliacha, lakini miaka ya 1980 alirudi Berkeley akamaliza. Hiyo sehemu hainukuliwi sana kwa hizo video za motisha.

Mwaka huo huo wa 1977 Atari ikatoa konsoli yake iliyokuja kuitwa 2600, na ndani ya sanduku kulikuwa na joistiki mbili na padeli mbili. Hakuna aliyechagua bado nani atashinda. Joistiki ikashinda, na naelewa kwa nini. Inaenda pande zote, haina kaboni ya kuchakaa, na gemu za kukimbia na kuruka zinaihitaji. Baadaye Nintendo wakaleta ule msalaba wa kubonyeza, na hadi leo vidole vyetu viko hapo. Arkanoid ya Taito ilipoingia kwa NES, ilibidi iuzwe na kontrola yake yenyewe yenye kizungushi, kwa sababu kwa ule msalaba haikuwa gemu ile ile. Hao walijua. Mimi na laptopu yangu ndio hatukujua.

Hapa ndipo maoni yangu ya leo yalipo. Tunasema gemu za zamani zimehifadhiwa kwa sababu faili zake ziko kwenye intaneti na zinaingia zote kwa simu moja. Faili ya Kaboom! ni ndogo kuliko picha yako ya wasifu. Lakini kilichohifadhiwa ni nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwa mkono, na hiyo haishushwi. Ukicheza gemu ya padeli kwa mishale ni kama kula ugali kwa uma. Utashiba, lakini usiandike hakiki ya ugali.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu nimejijibu mwenyewe. Si kila mtu ana shangazi Minnesota. Kweli kabisa. Mimi bila emuleta nisingeijua Atari hata kwa jina. Watoto wa hapa tumejua historia ya gemu kwa faili za bure na bando la kuunga unga, na sitaki mtu yeyote aambiwe hana haki ya kucheza kwa sababu hana kontrola ya 1977. Chezeni. Na kama huna padeli, usitumie mishale. Tumia kipanya, kiko karibu zaidi kwa sababu mwendo wake unafuata mkono wako. Hata kidole kwenye kioo cha simu ni bora, kwa sababu kidole kilipo ndipo ndoo ilipo. Utakosa ule ukuta wa kushoto na kulia, utakosa ule uzito kidogo wa kizungushi, lakini utaielewa gemu.

Na pia sisemi kila gemu ya padeli ni dhahabu. Street Racer nimeijaribu kwa padeli safi, imesafishwa na fundi, na bado nalala. Kontrola sahihi haifanyi gemu mbaya kuwa nzuri. Inakupa tu haki ya kusema ni mbaya.

Haki ndiyo nilikuwa sina. Kazi yangu ni kutoa maoni. Sina cheti, sina ofisi, nina maoni tu, na nyinyi mnanipa dakika kumi zenu na bando lenu kwa kuamini kwamba nimegusa ninachokizungumzia. Kama sikigusi, basi nauza nini?

Kwa hivyo nimefanya hivi. Nimepitia ile orodha ya kumi upya. Tatu zinatoka. Kaboom! mnajua kwa nini. Warlords ya 1981 niliicheza peke yangu kwa mishale, na hiyo ni gemu ya watu wanne wenye padeli nne, kila mmoja akilinda ngome yake kwenye kona. Ni kama kuhukumu karata kwa kucheza peke yako. Na Indy 500 ilikuwa na kontrola yake tofauti kabisa, inafanana na padeli lakini inazunguka bila mwisho kama usukani, na mimi hata sikujua ipo. Hizo saba zingine nimezirudia na zitabaki zimechomwa. Msiniombe.

Video sijaifuta. Nilifikiria kuifuta, na nilifikiria pia kuiacha tu bila kusema kitu, kwa sababu bado inatazamwa kila siku na ndiyo inanilipia intaneti. Nimebadilisha kichwa chake, na sekunde za kwanza kabisa sasa zinasema nilikosea wapi. Tangu nifanye hivyo, watazamaji wamepungua. Wanaingia, wanaskia nimekosea, wanatoka. Ni sawa. Na kuanzia sasa kila video yangu itaanza na sentensi moja: nimeicheza kwa nini. Kibodi, kipanya, kontrola yenyewe, simu. Mtajua uzito wa kuweka kwa maneno yangu.

Yule mzee wa komenti nimemjibu, miezi imepita. Nimemwandikia: "Nilitumia mishale. Pole." Hajajibu. Labda hajaona, labda amecheka peke yake.

Mzee wangu naye hajasema chochote kuhusu chuo, na hajasema chochote kuhusu video. Lakini jana alinitumia ujumbe, yeye ambaye huwa anapiga tu. Kwamba ameulizia volyumu ya milioni moja, ile ambayo nusu ni nusu, Luthuli kwa muuzaji wake wa Nairobi, ili tuwe na ya akiba hii ikichakaa. Na kwamba Jumamosi nije na ile kitu mapema.

Zile padeli mbili zinatumia plagi moja na waya si mrefu. Mkicheza watu wawili kwa zamu inabidi mkae karibu. 612 bado iko juu, na nina hadi Jumamosi.

Wewe je? Ni gemu gani uliitupa, na ulikuwa unaicheza kwa kutumia nini? Niandikie hapo chini. Safari hii nitauliza kabla ya kucheka.